Msamiati wa Kiingereza cha juu: maneno ninayajua ninaposoma, lakini hayaji ulimini ninapozungumza

MwandikaTaarifa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Kazi yangu ni kuandaa taarifa na kuhudhuria vikao ambavyo vyote huendeshwa kwa Kiingereza. Kusoma hakunipi taabu. Nikipewa ripoti ya kurasa 40 naimaliza, na ni mara chache nalazimika kufungua kamusi. Taabu huanza pale ninapotakiwa kuzungumza au kuandika mwenyewe. Kila kitu kwangu huwa ni “good”, “bad”, “big” au “very important”, na nikisikiliza sauti iliyorekodiwa kikaoni naona haya kwa jinsi ninavyorudia neno “very”, ilhali maneno bora zaidi nilikuwa nayo kichwani tangu zamani.

Juhudi nimefanya. Ninalo daftari ambalo kila neno gumu ninalokutana nalo huliandika upande wa kushoto, na tafsiri yake ya Kiswahili upande wa kulia. Maneno hayo sasa yamepita 600. Kila Jumapili najipima kwa kuziba upande mmoja kwa kiganja, na napata karibu yote. Hata hivyo, mwezi uliopita nilisema kikaoni “The delay will make exacerbate the problem”, kwa sababu daftarini nilikuwa nimeandika tu “exacerbate: kuzidisha ubaya”, na papo hapo nikahisi kwamba sentensi imevunjika, bila kujua imevunjikia wapi. Wiki iliyofuata nikaandika katika baruapepe “We have a plethora of staff for this work”, nikikusudia kusema kwamba tunao watu wa kutosha. Mkuu wangu aliniita akaniuliza kama ninapendekeza watu wapunguzwe.

Kisha kuna misemo ya kila siku. Wenzangu husema “let's play it by ear” au “the ball is in their court”, nami huitikia kwa kichwa, halafu naandika pembeni ili nikaulize baadaye.

Je, niendelee na daftari langu au niliache? Na misemo hii, je, mtu hujifunza kwa kukariri, au kuna njia nyingine? Nitashukuru sana kwa mawazo ya wale waliopita njia hii kabla yangu.

Mwalimu wa Jioni amejibu:

Ndugu MwandikaTaarifa, umefanya vyema kuleta mifano, maana hiyo miwili uliyoitoa imetuonyesha shida ilipo, na shida hiyo haiko katika idadi ya maneno uliyo nayo.

Hebu mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili kwa daftari kama lako. Ameandika “piga” upande wa kushoto, na upande wa kulia ameandika maana yake kwa lugha yake, yaani kumchapa mtu au kitu. Kesho yake anasoma kwamba fulani alipiga simu, akapiga pasi, akapiga mswaki, kisha akapiga magoti. Ataelewa nini? Au ameandika “kata”, halafu anakutana na kukata tamaa, kukata shauri, kukata kiu na kukata rufaa. Sisi hatukujifunza “piga” peke yake, wala hatukuwahi kuketi tukaorodhesha maana zake. Tuliyapokea maneno haya yakiwa yameshikana mikono, na ndiyo sababu yanatoka ulimini yakiwa yameshikana vilevile. Kiingereza nacho kiko hivyo. Mvua kubwa ni “heavy rain”, lakini upepo mkali ni “strong wind”, na mtu akisema “heavy wind” ataeleweka, ila msikilizaji atahisi kwamba kuna kitu kimeteleza. Hakuna kanuni ya kueleza kwa nini iwe hivyo. Ni mazoea ya wenye lugha, na mazoea hujifunzwa yakiwa mazima.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. Kitenzi “exacerbate” hakihitaji “make”, kwa sababu maana ya kusababisha imo ndani yake, kama ilivyomo katika “zidisha”. Sisi tuna “zidi”, tukaongeza kiambishi tukapata “zidisha”. Kusema “make exacerbate” ni sawa na kusema “ucheleweshaji utafanya utazidisha tatizo”. Ilitosha kusema “The delay will exacerbate the problem”. Tena ukichunguza wenzi wa neno hili utaona kwamba hutembea na mambo ambayo tayari ni mabaya: “problem”, “tension”, “shortage”, “crisis”. Jambo jema halizidishwi kwa neno hilo. Habari hii yote haiwezi kuenea katika daftari la safu mbili.

“Plethora” nalo lina kivuli chake. Hubeba dokezo la wingi uliopita kiasi, na mkuu wako alisoma hilo dokezo. Ulichohitaji pale ni “We have enough staff”, na naomba usilidharau neno “enough” kwa sababu ulijifunza ukiwa mtoto.

Daftari usiliache, bali libadilishe. Kwa kila neno andika sentensi nzima inayotoka katika kazi yako mwenyewe, yenye jambo lililotokea kweli. Chukua nomino unazozitumia kila siku ofisini, kisha utafute vitenzi vinavyoandamana nazo. Kwa mfano “decision”: kuamua ni “make a decision”, mkishauriana kwa muda mrefu hadi mkafikia uamuzi, ni “reach a decision”, kuuahirisha ni “defer”, kuutengua ni “overturn”, na kuushikilia hata watu wakilalamika ni “stand by”. Ukishika nomino 20 kwa namna hiyo, utakuwa umepata misemo 100 ambayo utaitumia Jumatatu, si siku moja isiyojulikana.

Na hapo kwenye “very big problem”, kabla ya kutafuta neno kubwa jiulize kwanza, kwa Kiswahili, ni kubwa kwa namna gani. Kama linadhuru, ni “serious”. Kama linarudi kila mara, ni “recurrent”. Kama limewagusa wengi, ni “widespread”. Mara nyingi neno halikosekani. Kinachokosekana ni kuamua unataka kusema nini hasa.

Swali langu kwako: hiyo Jumapili unapoziba safu kwa kiganja, huwa unaziba upande upi?

Mkalimani wa Vikao amejibu:

Nakubaliana na Mwalimu, nami naongeza upande wa historia, kwa sababu mimi mwenyewe sikupata nafuu mpaka nilipoelewa kwa nini Kiingereza kina maneno matatu kwa jambo moja.

Mwaka 1066 Wanormani waliivamia na kuitawala Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo lugha ya watawala na ya mahakama ilikuwa aina ya Kifaransa, wakati kanisa na wasomi walitumia Kilatini, na wananchi wa kawaida waliendelea na lugha yao ya asili, Kiingereza cha kale, kilicho cha jamii moja na Kijerumani. Tabaka hizo tatu hazikufutana, zilikaa pamoja hadi leo. “Ask” ni la wananchi, “question” lilipitia Kifaransa, “interrogate” lilichotwa Kilatini. Vivyo hivyo “rise”, “mount” na “ascend”. Kadiri unavyopanda tabaka, ndivyo neno linavyozidi kuwa rasmi na baridi. Ukimwambia mwenzako “May I interrogate you about the report?” utamtisha, maana anayefanyiwa hivyo ni mtuhumiwa.

Sisi tunalijua jambo hili kwa silika katika lugha yetu. Mbuzi hufa, mtu hufariki. Hakuna aliyetufundisha darasani kwamba “kufa” ni neno la Kibantu na “kufariki” lina asili ya Kiarabu, lakini hakuna atakayesema kuku wake amefariki. Basi kila neno la Kiingereza unalolichukua, lichukue pamoja na kiti linachokalia.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani Kiingereza cha juu maana yake ni maneno marefu ya Kilatini, ilhali ukikaa katika vikao vya wenye lugha utasikia zaidi vitenzi vya maneno mawili mafupi. Hawasemi sana “investigate”, husema “look into”. Kuahirisha ni “put off”, kuibua hoja ni “bring up”, kuandaa mkataba ni “draw up a contract”, na mpango ukikwama mwishoni kabisa, baada ya watu kuutumainia, husema “it fell through”. Huo wa mwisho naupenda, kwa sababu umebeba picha ya kitu kilichopenya sakafu kikaanguka chini, na ukishaiona picha hiyo huwezi kuusahau. Mtu aliyesoma Kiingereza vitabuni huyaona maneno haya kuwa rahisi mno, kisha yanampita masikioni. Katika taarifa andika “investigate”. Mezani sema “look into”. Kujua tofauti hiyo ndiko ustadi wenyewe.

Kuhusu misemo, nyingi imetoka katika michezo na sanaa, na ukijua ilikotoka huhitaji kukariri. “The ball is in their court” ni ya tenisi: mpira uko upande wao wa uwanja, basi zamu ya kuchukua hatua ni yao. “Move the goalposts” ni kuhamisha milingoti ya goli mchezo ukiendelea, yaani kubadili masharti wakati mwenzako ameshaanza kuyatimiza. “Touch base” na “a ballpark figure” zilikuja na mchezo wa besiboli wa Wamarekani. Ya kwanza ni kuwasiliana kwa kifupi, ya pili ni makadirio ya karibu. “Play it by ear” ni ya wapigaji ala wanaocheza kwa kusikiliza bila karatasi ya noti, na maana yake ni kuamua kadiri mambo yanavyojitokeza. Ushauri wangu ni kwamba uielewe yote unayoisikia, lakini utumie michache tu ambayo umeisikia mara nyingi kutoka kwa watu tofauti, kwa sababu nahau haivumilii kuguswa. Ukisema “play it by the ears” umeibomoa, kama vile mgeni anavyoibomoa yetu akisema “mkono wa birika” akikusudia watu wengi walio bahili, halafu akaugeuza kuwa “mikono ya mabirika”.

Jambo moja lililowahi kunigharimu: kitenzi “table”. Nilikuwa nakalimani katika mkutano wenye Waingereza na Wamarekani. Mmoja akasema “Let's table this item”. Kwa Mwingereza maana yake ni kuiweka hoja mezani ijadiliwe; kwa Mmarekani ni kuiweka kando isijadiliwe sasa. Nilitafsiri kwa maana ya kwanza, na aliyesema alikuwa Mmarekani. Dakika kadhaa zilipotea pande zote zikishangaana. Tangu siku hiyo, nikisikia neno hilo huuliza kwanza kabla ya kulitafsiri, na katika maneno yangu mwenyewe silitumii kabisa.

Msomaji Makini amejibu:

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naomba nitofautiane nao kidogo, kwa sababu naona orodha ya maneno imelaumiwa kuliko inavyostahili.

Kosa la daftari la ndugu yetu ni kwamba orodha yake imejengwa kwa bahati: kila neno lililompa shida aliliandika, liwe la kawaida au la nadra. Matokeo yake ana “plethora”, ambalo angeweza kuishi bila hilo mwaka mzima. Wataalamu wameshafanya kazi ya kuchagua maneno. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) ambayo hayamo katika hayo ya msingi lakini hujirudia sana katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote. Katika maandishi aliyoyachunguza, familia hizo zilichukua takribani asilimia 10 ya maneno yote. Nawaomba mwone jinsi hili linavyomgusa muulizaji: alikuwa akitafuta neno la “kutosha”, na orodha ile ya 570 inayo “sufficient” na “adequate” yote mawili, pamoja na “allocate”, “constrain”, “implement”, “assess” na “subsequent”. Haya ndiyo maneno ya taarifa za ofisini. Kama angeanza nayo, “plethora” lisingepata nafasi ya kumletea matatizo. Angalizo tu: “adequate” wakati mwingine husikika kama “inatosha, lakini kwa shida”, kwa hiyo ukitaka kusifu usilitumie.

Ni kweli pia kwamba idadi ina uzito wake. Paul Nation, mtafiti mwingine wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji afahamu asilimia 98 ya maneno ya kitabu au gazeti anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000, na kwa mazungumzo kati ya 6,000 na 7,000. Pengo hilo halizibiki kwa nomino 20 peke yake. Linazibika kwa kusoma kwingi.

Kuhusu kusahau, Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe, kwamba tulichojifunza hutoroka kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Kwa hiyo kurudia mara moja kila Jumapili hakutoshi kwa neno jipya, na ni kazi ya bure kwa neno lililokwisha kukaa. Tumia kadi na visanduku, kwa njia aliyoieneza Sebastian Leitner katika miaka ya 1970: kadi uliyoipata huhamia kisanduku cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, na uliyoikosa hurudi kisanduku cha kwanza kinachofunguliwa kila siku. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo, lakini kadi za karatasi zinafaa vilevile.

Na tafadhali, nunua au fungua mtandaoni kamusi ya wanafunzi, si ya tafsiri peke yake. Ile ya Longman iliyotoka mwaka 1978 ilieleza maana zake kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu, na ile ya COBUILD ya mwaka 1987 ilieleza kila neno kwa sentensi kamili, ukaona neno likiwa kazini. Wenzi wa maneno ambao Mwalimu amewasema, humo ndimo wamo.

MwandikaTaarifa amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo wa kunipa muda wenu.

Mwalimu, swali lako limenigusa. Huziba upande wa Kiswahili daima. Nauona Kiingereza kisha natoa maana. Sikuwahi kuziba upande wa Kiingereza hata mara moja. Nilijaribu jana usiku: kati ya maneno 50 niliyokuwa nikijihesabia kuwa nayajua, nilitoa 11 tu.

Naomba sasa niwaonyeshe baruapepe ambayo niko karibu kuituma, mnisahihishe bila kunionea haya: “Dear Sir, We discussed about the budget last week and you emphasized on training. Kindly assist me with the figures and revert as soon as possible.”

Mwalimu wa Jioni amejibu:

Hiyo 11 ndiyo hesabu yako ya kweli ya kuzungumza, na ni vizuri umeipata mapema. Kikaoni hakuna anayekuonyesha neno la Kiingereza akakuuliza maana. Unalo wazo, na unatafuta neno. Basi jipime kwa upande huohuo, na usiishie kutamka neno. Tamka sentensi nzima kwa sauti.

Ndugu Msomaji Makini, orodha ya 570 naikubali na ninawapa wanafunzi wangu. Ninachosisitiza ni kwamba ifunguliwe neno moja baada ya jingine, kila moja na wenzi wake. Baruapepe nawaachia wenye uzoefu wa mawasiliano.

Sauti ya Mapokezi amejibu:

Kaka MwandikaTaarifa, mimi nimefanya kazi ya kupokea simu na barua za wateja wa nchi za nje kwa miaka mingi, na makosa yaliyomo katika baruapepe yako nimewahi kuyafanya yote, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Tuanze na “discussed about” na “emphasized on”. Haya yanatoka kwetu, kwa sababu tunasema kujadili kuhusu na kusisitiza juu ya. Katika Kiingereza vitenzi hivi humshika mtendwa moja kwa moja: “we discussed the budget”, “you emphasized training”. Kinachotuchanganya ni kwamba nomino zake huchukua kihusishi: “a discussion about the budget”, “an emphasis on training”. Ndivyo ilivyo pia kwa “request”. Unasema “a request for information”, lakini kitenzi ni “we requested information”, pasipo “for”. Nilipoliona hili kwamba ni jambo moja, nomino na kihusishi, kitenzi bila kihusishi, makosa mengi yaliondoka kwa pamoja.

“Revert” kwa maana ya kujibu limezoeleka katika baadhi ya ofisi, nawe huenda umelisoma mara nyingi. Lakini kwa wasomaji wengi kwingineko duniani “revert” ni kurudia hali ya zamani, na “reply” au “get back to me” ndiyo watakayoelewa.

Sasa adabu. Sisi tunalainisha ombi kwa “naomba” na kwa kitenzi chenyewe: “unisaidie”. Ukihamisha hivyo kwenda Kiingereza unapata “assist me”, ambayo hata ukiitanguliza “kindly” bado husikika kama amri kutoka juu. Kiingereza hulainisha kwa kurudi nyuma wakati: “could you”, “would you”, “I was wondering if you could”. Jambo ni la sasa, lakini kitenzi kimevaa wakati uliopita, na huo umbali mdogo ndio heshima. Na “as soon as possible” humpa haraka bila kumpa siku. Mimi ningeandika hivi:

“Dear Sir, Following our discussion last week about the training budget, could you please send me the latest figures by Thursday? I would also be grateful if you could confirm who will be approving them.”

Hakuna neno hata moja hapo usilolijua.

Kwa mazungumzo, jihadhari na mambo mawili zaidi. “Pole” yetu haina mwenzake kamili. Mwenzako akijikwaa ukasema “Sorry!” wapo watakaodhani unakiri kwamba umemwangusha, sema “Are you all right?” Na unapotoka chumbani ukikusudia kurudi, usiseme “I'm coming” kama tunavyosema “nakuja”, kwa maana wanakuona unaondoka. Sema “I'll be right back”.

Mkalimani wa Vikao amejibu:

Dada ameeleza vyema. Naongeza neno moja la matamshi ambalo lilinipita katika jibu langu la kwanza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, nasi hupeleka mazoea hayo kwenye Kiingereza, ambako mkazo huhama. Katika “photograph” uko silabi ya kwanza, katika “photography” ya pili, katika “photographic” ya tatu. “Record” likiwa nomino mkazo uko mbele, likiwa kitenzi uko nyuma. Maneno mengi ambayo mtu hudhani hayajui anapoyasikia ni yale anayoyajua kwa macho, ila masikio yake yanayangoja kwa mkazo usio wake. Kwa hiyo kila sentensi unayoiandika daftarini, sikiliza kwanza matamshi ya neno jipya katika kamusi ya mtandaoni, uipigie mstari silabi yenye mkazo, kisha ndipo uitamke.

MwandikaTaarifa amejibu:

Ndugu zangu, zimepita wiki tatu, na nimeona ni haki kurudi kuwaambia nilipofika.

Nimeanza daftari jipya. Kila siku naandika sentensi mbili tu, zote kutoka katika mambo ya siku hiyo, na naziweka kwenye kadi zenye swali la Kiswahili mbele. Nimezipitia familia 40 za ile orodha. Juzi kikaoni nilisema, bila kupanga, “The first contract fell through, and the delay has exacerbated an existing shortage of equipment.” Hakuna aliyeshtuka wala kuniuliza maana, kikao kiliendelea, na kwangu hiyo ilikuwa furaha kubwa.

Hizi ndizo sentensi tatu za mwisho daftarini. Naomba Mwalimu azitazame: “We reached a decision to defer the second phase.” “Staff raised concerns about the new schedule.” “Management must address to this issue before the audit.”

Mwalimu wa Jioni amejibu:

Ya kwanza na ya pili ni sahihi, na ya pili ni nzuri hasa, maana “raise concerns” ni wenzi wa kudumu. Katika ya tatu ondoa “to”: “Management must address this issue.” Ni jambo lilelile ambalo Dada wa Mapokezi amelieleza. Kihusishi “to” hukaa pale unapoelekeza barua au maneno kwa mtu, kama “I addressed the letter to the director”. Suala lenyewe hushughulikiwa moja kwa moja. Andika kadi mbili, moja ya suala na moja ya barua, uzipitie kesho asubuhi kabla ya kikao, kisha uniletee nyingine tatu.